Kisu Ambacho Hakikulala

Kit. Koki ya oveni iligeuka gizani, na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya, mlio ule mdogo ulisikika kama mtu amevunja kitu. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Chumbani mtoto alikuwa akijiimbia, nusu yuko macho nusu amelala, na huku jikoni mama yake alibaki ameishika ile koki kama aliyefumaniwa.

Hakuwa ameiba. Alikuwa amezima gesi tu. Mtungi ulikuwa umebaki mwepesi, ukiuinua kwa mkono mmoja unakuja, na kesho asubuhi duka la kona lingekuwa linasubiri skonzi zake. Ndani ya oveni hakukuwa na unga wala sukari. Kulikuwa na vyuma viwili vya mumewe, vimenyooka juu ya trei ya kuokea kama samaki, vikila gesi ya skonzi.

Mumewe alikuwa fundi wa mashine ya kupasulia mbao. Kule kiwandani misumeno ikichakaa hutupwa nyuma ya ghala, naye alikuwa ameomba ruhusa ya kuiokota. Jioni alikata yale mabapa, akayachonga kwa tupa, akayachoma kwenye mkaa mpaka yakawa mekundu, kisha akayazamisha kwenye mafuta. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Chuma kikiiva sawasawa, sumaku hukikataa, na hapo ndipo alipokitumbukiza mafutani, uso umemng'aa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Visu vyenyewe havikuwa vya kuuza, na ugomvi wao ulikuwa na makao yake hapo. Alivigawa. Mwenye bucha alipata, fundi viatu aliahidiwa, jirani aliyehama alipewa cha kwenda nacho. Mkewe akimuuliza faida ni nini, alijibu kwamba wenzake wanafuga njiwa na hakuna anayewauliza.

Kitu kimoja alikuwa amemweleza mkewe mpaka kikamchosha. Chuma kikitoka kwenye mafuta kinakuwa kigumu lakini kina hasira, ukikibana vibaya kinakatika kama kigae. Lazima kilazwe. Unakiweka kwenye moto mdogo, muda mrefu, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu, ndipo kinakuwa kisu cha kumpa mtu. Kulaza kisu lilikuwa neno la kila siku nyumbani kwao, kama kuchemsha chai. Mkewe alilichukua kama neno la mtu anayependa mchezo wake. Joto ni joto, alijiambia pale gizani, na vile vyuma vilikuwa vimeshakaa mle muda wa kutosha kuokea mkate.

Mume alirudi na kipande cha mbao ngumu cha kutengenezea mipini. Aliinama, akafungua oveni, akavitoa vyuma kwa kitambaa na kuvisogeza kwenye kibatari. Kwenye mwanga wa kibatari kila kitu kina rangi ya majani makavu, hata ukuta, hata uso wa mkewe.

"Tazama," alisema taratibu, kama anayeogopa kuviamsha. "Vimelala vizuri hivi."

Mkewe alifungua mdomo. Lakini tangu msimamizi wa kiwanda afute saa za ziada, mwanamume huyu hakuwa ametabasamu hivi ndani ya nyumba hii. Mtoto naye alitoka chumbani akiburuza shuka, akitaka kujua nani anapika samaki. Kwa hiyo mke alisema tu, "Vizuri," akampeleka mtoto kulala.

*

Kisu cha kwanza kilikuwa cha dada wa mume. Alikuwa mpishi wa chekechea ya mtaani, mwanamke mpana wa mabega na mkali wa ulimi, aliyemlea huyu mdogo wake tangu wazazi wao walipofariki. Walimpelekea pamoja, siku ya mapumziko. Alikigeuzageuza, akajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba, akauliza kama mpini wenyewe umechongwa au umetafunwa. Kisha akajipangusa macho kwa ncha ya khanga na kusingizia vitunguu.

"Miaka yote nakata maboga kwa kisu cha shule, utadhani nakata kwa kijiko," alisema. "Na wewe wifi, angalau siku hizi unamwachia oveni. Nilijua utu utakuingia tu."

Mke alicheka kama ilivyompasa. Alitazama kile kisu, akaona kimenyooka na kinang'aa, akajiambia kwamba mambo yangekuwa yameharibika yangeonekana.

Cha pili kilikwenda kwa fundi viatu.

*

Simu iliita kiwandani katikati ya asubuhi. Msimamizi ndiye aliyeipokea, akapunga mkono mpaka mashine ikazimwa, akatangaza mbele ya wapasua mbao wote, "Baba Visu, kuna mtoto wako mmoja anaumwa huko." Watu walicheka, na fundi moyo ukamlipuka akidhani ni bintiye. Sauti ya dada yake ilikuwa ya chini, si ya kwake.

"Ncha imekatika," alisema dada. "Nilikuwa napasua boga la pili ndipo nikaona. Boga la kwanza limeshaingia sufuriani. Ncha siioni, mdogo wangu. Siioni popote."

Alipoomba ruhusa msimamizi alimuuliza ni ugonjwa gani huo wa kisu unaohitaji daktari saa za kazi, na kama ruhusa hiyo ni ya kukatwa mshahara au anataka na pole juu. Fundi alisema akate. Alipita nyumbani kwa mbio, akaichukua ile sumaku, akamkuta mkewe anafungasha skonzi na unga mpaka kwenye nyusi. Alimwambia kwa maneno machache. Mkewe aliacha skonzi mezani, akamfuata.

Chekechea ilikuwa vyumba viwili na kibanda cha kupikia, na ua wa mchanga katikati. Watoto walikuwa wameshakaa kwenye mikeka wakiwa na sahani mapajani. Harufu ya maharage na boga ilikuwa imejaa uani, na wadogo zaidi walikuwa wanagonga vijiko. Katikati yao alikuwa binti yao wa miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Alimpungia baba yake sahani.

Mkuu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia, alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni kana kwamba analinda benki. Alisema hajampa mtu ruhusa ya kuleta kisu cha nyumbani. Alisema kisu cha shule kipo. Alisema pia kwamba wazazi wameanza kupiga simu, na hakusema nani amewaambia.

Fundi aliifunga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga kamba, akaishusha sufuriani. Aliizungusha polepole, akaipandisha, akaipangusa, akaitazama. Hakuna. Akaishusha tena. Dada yake alikuwa ameegemea ukuta, mikono imefumbatwa, midomo imekazwa, na hilo ndilo lililomtisha fundi kuliko sufuria, kwamba dada yake alikuwa kimya. Mkewe alikuwa amepiga magoti kwenye maganda ya maboga, anayapekua moja moja. Sumaku ilipanda mara nyingi na mara zote ikapanda tupu.

"Mwaga," alisema mkuu.

"Mama, nikipitisha mara moja tena..."

"Wewe ungempa mwanao?"

Fundi alitazama mikeka. Akamsaidia dada yake kushika masikio ya sufuria, wakaenda nayo nyuma ya choo, wakamwaga chakula cha watoto wote shimoni. Watoto waliona. Mdogo mmoja alianza kulia, kisha mwingine, wakaambukizana.

Ncha ilionekana baada ya hapo. Mke aliipata kwa kidole. Ilikuwa imezama kwenye ganda nene la boga, kipande kisichozidi ukucha, na ilimchoma mpaka damu ikatoka. Haikuwa imefika sufuriani hata kidogo. Fundi aliichukua, akaipachika kwenye kisu kilichobaki, ikakaa mahali pake bila pengo. Alipotazama pale ilipokatikia, hakuona hata dalili ya kupinda. Ilikatika kama kigae.

"Lakini nilikilaza," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nilikilaza. Nimekosea wapi?"

Mkewe alikuwa ananyonya kidole chake. Alimsikia vizuri.

Wazazi walikuwa wameshafika, wengine na aproni za kazini. Baba mmoja mwenye funguo za gari kidoleni alimuuliza mpishi kama shule imefilisika kiasi cha kukatia chakula kwa vyuma vya jalalani. Mama mmoja alitaka kujua siku zote wamekuwa wakila vyuma vingapi. Yule mpishi ambaye mtaa mzima uliogopa ulimi wake aliangalia chini, akawa anakunja na kukunjua khanga. Ndipo fundi aliposogea mbele.

"Kosa si la dada yangu. Kisu nimetengeneza mimi, na nimekitengeneza vibaya. Mwenye lawama ni mimi."

Maneno yalikuwa yameshamfika mkewe kooni. Angeyasema. Lakini macho yalikuwa mengi, na miongoni mwao walikuwemo wateja wake wawili wa skonzi, na mwenye funguo alikuwa akitikisa kichwa. Akameza mate, maneno yakashuka nayo.

Mkuu aliwaruhusu watoto warudi nyumbani. Kwa mpishi alisema pembeni, ingawa si mbali sana, kwamba kesho atamwacha apike. Lakini kama kesho watoto hawatakula chakula chake, basi hana la kuwaambia wazazi, na itabidi watafute mtu mwingine.

*

Fundi hakurudi kazini, wala hakukaa nyumbani. Alichukua gunia, akatoka. Mkewe alimuuliza anakwenda wapi, akajibu kwamba anakwenda kuvikusanya. Vyote. Kama mkono wake umekosea kimoja bila yeye kujua, hawezi kujua umekosea vingapi, na hatasubiri kingine kikatikie mdomoni mwa mtoto wa mtu.

Mke alimshika Chiriku mkono, wakamfuata nyuma, hatua kadhaa, kama watu wasio na safari moja. Mtoto aliuliza kwa nini kila mtu alilia, na kwa nini chakula kilienda chooni, na kwa nini baba ana gunia, na je, baba amekuwa mwizi. Mama yake alimwambia baba anatafuta vitu vyake.

Kuomba urudishiwe zawadi ni jambo la aibu kuliko kuomba kitu chenyewe. Kinyozi, aliyekuwa akikitumia kukatia sabuni, alikitoa haraka haraka kwa ncha za vidole, kana kwamba kina kichaa. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Mama wa genge alikileta kimefungwa kwenye gazeti, akasema pole sana, akafunga dirisha kabla hajajibiwa. Muuza mkaa aliuliza kama kuna fidia, akacheka, akaona fundi hacheki, akanyamaza. Kila nyumba gunia lilikuwa linaongezeka uzito, na kila nyumba mgongo wa yule mwanamume ulikuwa unainama zaidi ya uzito wenyewe. Mkewe aliuona. Alitamani atembee taratibu, apumzike hata kidogo, lakini mumewe alikwenda mbio, anaruka mitaro, hatazami nyuma.

Mwenye bucha ndiye aliyekataa. Alikuwa na kisu chake mkononi, kimetapakaa mafuta, na paja la mbuzi mbele yake.

"Hiki sitoi," alisema. "Hiki nakatia mifupa tangu mwaka jana. Wewe mwenyewe kiangalie. Kimechakaa wapi? Kimepinda wapi? Nenda kavililie huko visu vingine, hiki ni mkono wangu."

"Kaka, sijui tena ninachofanya," fundi alisema. "Nirudishie tu. Nilidhani najua, kumbe sijui."

Hapo ndipo mkewe aliposhindwa. Haikuwa ujasiri. Alikuwa amechoka kuutazama ule mgongo.

"Baba Chiriku, kiache," alisema. "Unajua kazi yako. Ni mimi nilizima oveni."

Mwenye bucha alisimamisha kisu hewani.

"Ulipokwenda kuchukua mbao. Gesi ilikuwa inaisha. Nilizima mapema sana, halafu ukarudi, ukafurahi, nikashindwa kusema. Hivyo vingine vyote vilikaa mle mpaka mwisho. Cha wifi ndicho hakikulala."

Fundi alimwangalia. Mtu angesema hakuelewa. Kisha rangi ikamtoka usoni.

"Mle ndani vilikuwa viwili," alisema.

Gunia lilianguka palepale buchani. Alikimbia, na mkewe akambeba Chiriku mgongoni akakimbia nyuma yake, viatu mkononi, kwa kuwa sasa wote wawili walikuwa wanamwona yule mzee kwa macho ya akili: fundi viatu, ambaye hukatia soli pajani, anavuta kisu kuelekea tumboni kwake kwa nguvu zote, na hajawahi kumsikiliza mtu aliyemwambia asivute hivyo.

Walimkuta kibandani kwake, soli pajani, kisu kimeshikwa vilevile. Fundi hakusalimia. Alikishika kile kiganja cha mzee kwa mikono yake miwili, akakitoa kisu kidole baada ya kidole.

"We kijana una adabu?" mzee aliuliza. "Mtu anakupa kitu Jumapili, katikati ya wiki anakuja kukunyang'anya. Na shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mzee wangu. Kisu hiki ni kibovu."

"Kibovu? Ndiyo kwanza kimeanza kunizoea."

Fundi alikibana bapa kati ya ubao na tofali, akakiegemea kidogo tu kwa kiganja. Kilikatika katikati kwa mlio mwembamba, na kipande kikaruka mpaka kwenye viatu vya watu. Mzee alilitazama paja lake. Hakuomba tena maelezo. Alisogeza kigoda, akamwambia mama mwenye mtoto akae, maana anaonekana atadondoka.

*

Walirudi mpaka kwenye kona ya nyumba yao. Hapo fundi alisimama.

"Gesi naielewa," alisema. "Ungeniambia, ningevilaza kesho yake, ningevilaza mwezi ujao. Kinachoniuma ni kule chekechea. Nilikuwa najiuliza nimekosea wapi, na wewe ulikuwa umepiga magoti hapo chini unanisikia."

"Nilikusikia."

"Basi."

Mkewe angependa agombe, avunje hata kikombe. Alimwachia mtoto na kwenda peke yake kwa wifi yake, kabla miguu haijabadili mawazo.

Wifi alikuwa anafua aproni za jikoni kwenye beseni, ingawa zilikuwa safi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusugua. Maji yalikuwa yamepoa na povu limeisha.

"Kwa hiyo mimi nimesimama pale naambiwa nalisha watoto jalala," alisema, "na watu ambao baadhi yao nimewapikia uji mimi mwenyewe. Mdogo wangu anajitwika. Na wewe uko kwenye maganda, unatafuta."

"Ndiyo, wifi."

"Sababu ni gesi."

"Ni gesi."

"Nina mtungi umejaa nusu pale nyuma ya mlango. Ungeniomba, ningekupa."

"Ningekuomba ungenisema mwezi mzima."

Wifi aliacha kusugua. Alifikiri, kwa haki kabisa.

"Ningekusema," alikubali. "Na mtungi ungepata."

Mke alikaa kwenye ngazi. Alisema kesho atakwenda kusimama getini kabla wazazi hawajaingia, awaambie mmoja mmoja. Wifi alisema wazazi hawajali oveni ya nani ilizimwa na nani. Wanachotaka ni kumwona mtu ameondoka, ili waseme wamefanya kitu. Alisema na yeye mwenyewe usiku kucha hatalala, maana kazi ile si mshahara tu. Anawajua watoto wale kwa njaa zao, nani hali ngozi ya maharage, nani huficha mkate mfukoni apeleke kwa mdogo wake. Wakishakuogopa wewe ni nani tena? Halafu akamuuliza kidole kinamuuma kiasi gani, akaingia ndani kutafuta kitambaa kisafi, akamfunga, akakaza zaidi ya ilivyohitajika.

*

Asubuhi mke alisimama getini kama alivyosema. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, lile la kola, ili angalau aonekane mtu anayejua anachosema. Maneno aliyoyapanga usiku yalimkimbia mzazi wa kwanza tu alipofika. Ikabidi aseme yale yaliyobaki: mimi ndiye niliyezima oveni, mpishi hakujua, mume wangu hakujua, chuma hakikufika sufuriani. Wengine walisikiliza. Wengine walimpita kama nguzo ya geti. Mwenye funguo za gari alimwambia asante kwa taarifa, kwa sauti ile wanayoitumia watu kwa wauza karanga. Wateja wake wawili wa skonzi walimshika bega, lakini hawakuulizia skonzi.

Alipoangalia mikono ya watoto, alielewa. Karibu wote walikuwa na vibakuli vya plastiki kutoka nyumbani.

Hakumfungia Chiriku chakula. Hakumwambia pia ale cha shule. Alikuwa ameamka na maneno hayo mdomoni, "Leo ule chakula cha shangazi, sawa?" akayaona yanavyofanana na amri ya mtu anayelipia deni lake kwa mfuko wa mtoto, akayaacha.

Wazazi kadhaa hawakuondoka. Walijifanya wana mambo ya kuzungumza na mkuu, kisha wana mambo ya kuzungumza wao kwa wao, na adhuhuri ikawakuta bado wako uani chini ya kivuli cha paa. Jikoni mpishi alikuwa ameamka mapema kuliko siku zote. Alikuwa amekata maboga kwa kile kisu butu cha shule, mkuu amesimama nyuma yake anahesabu vipande kwa macho. Fundi alikuja kutoka kiwandani wakati wa mapumziko ya chakula, unga wa mbao kichwani, akasimama nje ya uzio wa waya. Hakuingia. Mkewe alimwona, na yeye alimwona mkewe. Walikuwa hawajazungumza tangu jana zaidi ya chumvi iko wapi. Alisogea hatua chache kando ya uzio mpaka akawa upande aliosimama mkewe, waya katikati yao.

Mpishi alitoa sufuria, akaiweka kwenye kigoda chake cha kila siku. Alifunua. Mvuke ukapanda. Alichukua upawa, akasubiri.

Siku nyingine zote mstari huwa umeshajipanga kabla hajafunua, wanasukumana, anawatisha kwa upawa. Leo watoto walikaa. Vifuniko vya plastiki vilianza kufunguka kimoja kimoja, kwa aibu, na wengine walikula wakiwa wamempa mgongo. Mvulana mmoja aliyekosa kibakuli alitazama sufuria, akamtazama mama yake kivulini, akaona anatikisa kichwa, akaanza kuchora mchangani kwa kijiko. Mkuu aliitazama saa yake. Akamtazama mpishi, akatazama pembeni.

"Kaanze kula na wewe basi tuone," mama mmoja alimwambia mke, si kwa ubaya sana.

Mke alikwenda, akapakuliwa, akala amesimama. Alikuwa ametazama ndani ya kijiko kabla hajakipeleka mdomoni. Alijua kwamba ametazama, na wifi yake aliliona hilo. Chakula kilikuwa kitamu, kina tangawizi. Hakuna mtoto aliyenyanyuka.

"Yeye ni wa kwao," alisema mwenye funguo. "Atakataaje?"

Chiriku alikuwa amekaa pembeni ya mkeka. Tangu asubuhi watoto wenzake walikuwa wanamwita Mtoto wa Kisu, na wawili walikuwa wamehama kutoka karibu yake. Hakuwa amesema neno siku nzima, jambo ambalo mwalimu wake alilichukulia kama homa. Sahani yake ilikuwa tupu mapajani. Alikuwa anaifuata sufuria kwa macho, halafu shangazi yake, halafu mvuke ambao ulikuwa unapungua. Mama yake alitaka kumkonyeza. Alitaka kumtikisia kichwa pia, amwambie usije, usijibebeshe. Alifunga mikono yake nyuma, akaibana, na nyuma ya waya akasikia mumewe ameacha kupumua.

Mpishi aliurudisha upawa sufuriani. Aliinama kuchukua kifuniko.

Mtoto alisimama, akajipangusa mchanga kwenye sketi, akapita katikati ya vibakuli vya wenzake bila kuvitazama, akaiinua sahani kwa mikono miwili.

"Shangazi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye uzio, "mimi nina njaa."